Majina Pamoja, Sala Mbalimbali

Bondeni Lambwe serikali inajua kuhesabu. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilisema korongo waliobaki Kenya nzima ni 15, na makao yao ni Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, hapa hapa bondeni. Si "takriban 15." Kumi na watano. Wana ua, wana askari wa kuwalinda, wana watu wanaoamka alfajiri kuwatafuta wajue nani kazaa na nani kaliwa. Sina ugomvi na korongo. Nina ugomvi na hesabu.

Jumapili tarehe 30 Juni 2024, siku tano baada ya vijana kuingia Bungeni na wenzao kupigwa risasi nje ya Bunge hilo, Rais aliketi na wanahabari akasema waliokufa ni 19. Jumatatu, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema ni 39. Yaani kati ya Jumapili na Jumatatu kuna watu 20 ambao kwa Tume wamekufa na kwa Rais hawajafa. Korongo mmoja akikosekana Ruma, kuna mtu ataulizwa. Wakenya 20 wakikosekana, kunakuwa na mjadala kwenye runinga.

Naanzia hapo kwa sababu nataka kuzungumzia mahali patakatifu pa kuwakumbuka waliouawa, mahali pa watu wa dini zote, na najua mazungumzo ya namna hii huanza vipi. Huanza na mchoro. Chemchemi iwe hapa, mnara uwe pale, na juu ya bamba la shaba kuwe na msalaba, mwezi mwandamo na herufi ya Om vimekumbatiana kama nembo ya chama cha ushirika. Kisha tenda inatangazwa. Mimi nasema hapana. Mazungumzo yaanze na orodha ya majina. Bila orodha, mchoro wowote utakaoletwa ni wa bustani tu, na bustani tunazo.

Tumeshazoea, enyewe, sura ya "maombi ya pamoja." Hema jeupe. Viti vya plastiki vilivyovishwa kitambaa. Zulia jekundu hadi jukwaani. Askofu Mkatoliki anaomba, Mwanglikana anaomba, sheikh anasoma dua, na pandit akipatikana anapewa dakika mbili. Halafu mshereheshaji anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, na wanasiasa wanachukua saa tatu. Mama wa marehemu yuko safu ya tano, kadi shingoni, kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Akianza kulia kwa sauti, dada wa itifaki anamletea maji ya chupa. Maji hayo si ya kumkata kiu, ni ya kumnyamazisha.

Na hizo dini zote si zote. Legio Maria ni kanisa lililozaliwa Nyanza miaka ya sitini, na mlima wake mtakatifu, Got Kwer, uko Migori. Niambie mara ya mwisho ulimwona lini kiongozi wao kwenye safu ile ya mbele. Roho je? Nomiya je? Wasabato wamekuwa Gendia tangu 1906, na ukishuka Homa Bay siku ya Jumamosi utajua mji ni wa nani. Wao huwa wanaalikwa, sawa, na mara nyingine hafla yenyewe imepangwa Jumamosi. Halafu kuna yule mzee asiye na kanisa wala msikiti, anayejua mtu akifa mbali boma linatakiwa lifanye nini. Huyo hana hata kiti.

Kosa la jukwaa, nikiliweka kwa ufupi, ni kwamba linaunganisha sala na kutenganisha wafu. Walio hai wanalazimishwa kusema "Amina" kwa pamoja mbele ya kamera, huku waliokufa wakigawanywa: huyu alikuwa mwandamanaji wa amani, huyu alikuwa mhuni, huyu hatumjui, yule familia yake haijaleta karatasi. Mahali ninapopataka pafanye kinyume. Majina yakae pamoja. Sala zikae mbalimbali.

Sikuokota wazo hili kwenye kitabu cha Ulaya. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji wa Al-Shabaab waliwachambua wanafunzi kwa dini kabla ya kuwaua. Watu 148 walikufa. Desemba mwaka huo huo, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, na watu wa kundi lile lile wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, na abiria wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekuwa ndani ya basi hilo, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016.

Sasa tazama walichofanya wale abiria. Hakuna aliyebadili dini. Hakuna aliyeomba sala ya mwenzake. Hakuna aliyesema dini zote ni sawa, maana wengi wao hawaamini hivyo, na hiyo ni haki yao. Walichokataa ni kuhesabiwa mbalimbali. Katika miaka yangu yote ya kusikiliza hotuba za umoja wa dini sijasikia iliyofikia hapo, na ile haikuwa hotuba.

Vuka ziwa hili hili upande wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama na zaidi ya watu 800 wakafa. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, kwa sababu maiti zilizotoka majini hazikuweza kusubiri ukoo ukae kikao, na nyingi hazikuwa na wa kuzitambua. Waliolala pale ni wa Kagera na wa kwingine, Waislamu na Wakristo, kaburi kando ya kaburi. Hakuna mbunifu aliyekaa akabuni jambo hilo. Msiba wenyewe ndio uliopanga, na watu wakakubali kwamba waliokufa pamoja wanaweza kulala pamoja, kila mmoja akaombewa na wa kwake.

Utaniuliza: kwa nini Lambwe? Si kumbukumbu ziwe Nairobi, penye watu?

Nairobi zipo. Kuna bustani ya Agosti 7 pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998, ambako ukitaka kuingia kuwakumbuka waliokufa unatoa pesa mlangoni. Kuna miti 67 iliyopandwa msitu wa Karura kwa ajili ya waliouawa Westgate mwaka 2013. Kuna sanamu ya Tom Mboya barabara ya Moi, karibu na alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, iliyozinduliwa 2011, miaka 42 baadaye. Na kuna kumbukumbu moja ambayo hakuna kamati iliyoipitisha: tarehe 25 Juni 2025, polisi walipozungushia Bunge seng'enge, watu walitundika maua na bendera kwenye seng'enge hiyo. Mimi nikiulizwa mnara bora wa karne hii Kenya ni upi, nitataja ule. Ulisimama siku moja.

Lakini Nairobi ni mahali tunapofia. Kuzikwa tunazikwa nyumbani. Mboya mwenyewe yuko Rusinga, ng'ambo tu ya bonde hili, katika kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Baada ya kila msiba wa taifa, kuna safari ambayo kamera hazifuati: gari la maiti usiku, Narok, Kisii, kisha huku kwetu, ndugu wamekaa kwenye benchi pembeni ya jeneza, dereva ameweka nyimbo za dini sauti ya chini. Albert Ojwang alikuwa mwalimu wa miaka 31. Alikamatwa nyumbani Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufikia tarehe 8 alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani seli, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha vingine. Julai akarudishwa Kakoth kuzikwa. Mwezi huo huo Rais aliitetea hadharani mipango yake ya kujenga kanisa ndani ya Ikulu na kusema hataomba radhi kwa mtu. Kaburi jipya Kakoth, kanisa jipya Ikulu. Kama unatafuta picha ya dini na dola nchini mwetu, basi iko hapo, huhitaji kuichora.

Kaburi la nyumbani linatosha kwa familia. Halitoshi kwa taifa. Kule bomani marehemu ni mtoto wa fulani, ameolewa au hajaoa, kaburi lake liko upande huu wa nyumba na si ule, na baada ya matanga migomba inaota, mbuzi wanafungwa hapo karibu, maisha yanaendelea inavyopasa. Kaburi lile linasema huyu alikuwa wetu. Haliwezi kusema huyu aliuawa, na waliomuua walikuwa wanalipwa kwa kodi yetu. Hilo linahitaji mahali pa umma, na mahali hapo pawe njiani, ambako maiti zinapita zikirudi. Barabara ya Homa Bay kwenda Mbita inafaa. Ukitazama kusini unaona Ruma na vilima vya Gwassi, na nyuma yake ndugu zako walio wengi.

Mimi sikumaliza chuo na si mchoraji wa majengo. Lakini nimeshiba hema jeupe, kwa hiyo nitasema ninachotaka, na mwenye taaluma anisahihishe vipimo.

Kwanza, ukuta. Usiende kuagiza marumaru. Nenda Thimlich Ohinga, Nyatike, kaunti ya Migori, ambayo tangu 2018 ni Urithi wa Dunia. Ni boma la mawe lililojengwa mnamo karne ya 16 bila saruji wala udongo, jiwe limekamatwa na jiwe mwenzake, na kuta zake zimesimama hadi leo. Waliolijenga walihama, jamii nyingine zikaingia, na kila waliofika walikarabati ukuta waliokuta badala ya kuubomoa. Hayo ndiyo mafundi yetu, na hiyo ndiyo teknolojia. Ukuta wa namna hiyo una faida nyingine: jiwe linaweza kuongezwa. Kumbukumbu za Nairobi zimefungwa kwa saruji, kana kwamba tumeshakubaliana hakuna atakayeuawa tena. Baada ya Juni 2024 ikaja Juni 2025, na baada yake Saba Saba ya 2025. Ukuta wetu usijengwe kwa uongo.

Milango ya Thimlich ni mifupi, na lazima uiname kuingia. Ilikuwa mbinu ya kumzuia adui. Ninaitaka ibaki vile vile, kwa sababu ninajua watakaokuja na misafara. Ila pembeni uwekwe mlango mmoja mpana, usio na kizingiti, wa mwenye kiti cha magurudumu na bibi asiyeweza kuinama. Wengine wote wainame.

Pili, majina. Kila jina jiwe lake, kwa mpangilio wa siku ya kufa. Si dini, si kabila, si cheo. Waliokufa Garissa wakiwa wanafunzi na waliokufa Garissa wakiwa na sare wakae pamoja, maana siku yao ni moja. Yule ambaye mwili upo na jina halipo, awekewe jiwe tupu, lisubiri. Na popote pale pasiwe na jiwe la msingi lenye jina la aliyezindua. Kenya kuna vyoo vyenye jina la waziri mlangoni. Ukuta huu uachiwe wafu.

Tatu, na hili ndilo gumu, wasio na mwili. Kuna waliochukuliwa na magari yasiyo na namba na hawajarudi. Mama zao hawana kaburi, hawana hata jivu. Sasa angalia dini zenyewe zinavyojua kazi hii kuliko kamati. Waluo mtu akipotea majini au vitani, wanazika tunda la yago, lile refu la mwegea, mahali pa mwili, ili matanga yawe na mwanzo na mwisho. Waislamu wana sala ya ghaibu, maiti hayupo mbele yao na bado wanasimama safu. Wakatoliki wana misa ya wafu isiyohitaji jeneza. Hakuna haja ya kubuni ibada mpya ya taifa. Kinachohitajika ni kipande cha ardhi laini kilichoachwa bila kujengwa, ambapo anayetaka kuzika yago atachimba, na eneo safi ambapo safu zitasimama zikielekea kibla, ambayo kutoka hapa ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Mchoraji akiisahau kibla basi amechora mkahawa.

Nne, sauti. Wanaopenda maombi ya pamoja hawajawahi kukaa matangani kwetu. Mlio wa mama wa Kiluo akimwita mwanawe hauwezi kukaa chumba kimoja na ukimya wa Msabato anayesoma Biblia, na ngoma za Legio haziwezi kukaa kando ya mtu anayesoma Yasini. Wote wako sahihi. Ndiyo maana ninataka vyumba vya wazi, vimegawanywa na kuta nene za mawe, kama boma lenye maboma ndani yake, kisha vyote vifungukie ua mmoja wenye majina. Ukimaliza ya kwako, unatoka, unamkuta mwenzako naye ametoka ya kwake, mnasimama mbele ya ukuta mmoja. Hapo ndipo dini zinapokutana, bila mtu kushikilia kipaza sauti. Kipaza sauti kipigwe marufuku kabisa. Asiyesikika bila kipaza sauti hana la kumwambia mfiwa.

Tano, maji ya bomba, vyoo, kivuli, na pa kuwasha moto. Mtu anayetia udhu na mtu aliyetoka Kisii kwa matatu wote wanahitaji maji. Wanaolala matangani wanahitaji chai. Mahali patakatifu pasipo na choo ni pa wageni wa saa moja.

Sasa pingamizi, maana najua zinakuja.

La kwanza: pesa hizo zijenge hospitali. Hoja hii ina uzito, na anayeitoa akiwa amepanga foleni ya dawa nitamsikiliza siku nzima. Lakini wanaoitoa kwa sauti zaidi ni wale wale wanaolipia mahema na zulia kila wiki. Mawe yapo, mafundi wapo, na gharama ya hafla chache za jukwaa inatosha kuanza. Tena, kumbuka tarehe 25 Oktoba 1969, Kisumu. Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali, ile tunayoiita Russia, na siku hiyo walinzi wake wakawapiga risasi wananchi. Hospitali ilijengwa. Waliokufa siku ya kuifungua hawajapata mahali hadi leo. Moja halikuleta jingine.

La pili linatoka makanisani: yago ni upagani, tusiingize mizimu mahali patakatifu. Ndugu yangu, hakuna anayekuambia uchimbe. Ukuta ni mnene kwa sababu yako pia. Lakini ukidai mama mwenzio asifanye lake ndipo wewe uingie, umeanza kuchambua abiria.

La tatu ndilo ninaloliogopa: tusonge mbele, tusitoneshe vidonda. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti iliyotaka, pamoja na mengine, waathiriwa wajengewe kumbukumbu. Tangu hapo tumesonga mbele sana. Tumesonga mpaka 2024. Tumesonga mpaka 2025. Agosti 2025 Rais akaunda jopo la kulipa fidia, na mahakama ikaingilia, na mawakili wakapata kazi. Fidia ilipwe, sipingi, kuna watoto wa kusomeshwa. Ila ukilipa fidia bila kusema jina la aliyekufa, na bila kusema nani alimuua, umemnunulia mama maji ya chupa tena.

Ndiyo maana ukuta peke yake hautoshi, na sitaki mtu atumie makala hii kuomba tenda. Mahali patakatifu si mbadala wa mahakama. Kesi za waliofyatua ziendelee hadi mwisho, na hukumu ikitoka iandikwe pale pale ukutani, chini ya jina, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Kazi ya kuanza nayo haihitaji serikali wala mchoro. Kila kijiji kuanzia Lambwe hadi Nyatike kinajua waliorudishwa kwa jeneza tangu 2007. Kina mama wa vyama wanajua, kwa sababu ndio waliopika. Machifu wanajua, kwa sababu ndio waliotoa vibali vya matanga. Msikiti wa Kendu Bay una kumbukumbu zake, parokia zina vitabu vya wafu, Got Kwer wana za kwao. Wakae, kila mmoja alete majina yake, yaandikwe kwenye daftari moja. Yasomwe kwa sauti. Yakaguliwe na familia. Wakishakubaliana idadi, waipeleke Nairobi wakaulize kwa nini haifanani na ile ya Ikulu.

Na kwenye daftari hilo, ukurasa wa kwanza, waanze na wale 20 wa usiku wa Jumapili.